Kampuni za meli za kitalii zisikwame bahari moja

WAHENGA walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo haikosi kutajwa katika mikutano ya utalii, na ni vigumu kuipinga pale meli yenye abiria zaidi ya elfu moja inapofunga gati Mombasa, Dar es Salaam au Malindi mjini Unguja, na watalii wenye kofia pana wakaanza kuteremka ngazi.

Hata hivyo, katika biashara ya meli za kitalii mgeni haji kwa hiari yake peke yake. Huletwa na kampuni. Kampuni ndiyo inayochagua bandari atakayoiona, saa atakayoshuka na saa anayotakiwa kuwa amerudi melini.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kampuni hizo kuhusu wapi ziende unamgusa hata mama muuza khanga wa Mji Mkongwe, dereva wa teksi wa Mombasa na mkulima wa nanasi ambaye hajawahi kupanda meli maishani mwake.

Swali lenyewe ni hili: je, kampuni ya meli za kitalii iongeze nchi na bandari inazozitembelea, au iendelee kuzunguka pale pale ilipozoea? Jibu ni kwamba iongeze, tena kwa faida yake yenyewe. Lakini mwenyeji asidhani kuwa kuongezwa kwenye orodha ya bandari peke yake kutamjazia kibaba.

Biashara iliyokulia Miami

Biashara hii kwa sura inayojulikana leo ilikulia Miami, jimbo la Florida nchini Marekani. Mwaka 1966 meli iitwayo Sunward ilianza kuchukua watalii kutoka bandari hiyo kwenda Bahamas. Kampuni ya Royal Caribbean ilianzishwa mwaka 1968 na Carnival ikafuata mwaka 1972. Tangu wakati huo visiwa vya Caribbean vimekuwa shamba kuu la kampuni hizo.

Sababu zake zinaeleweka. Kutoka Miami hadi Nassau, mji mkuu wa Bahamas, ni kiasi cha maili 180 za baharini, umbali ambao meli huumaliza usiku mmoja huku abiria wakiwa wamelala. Mafuta hayaliwi mengi, bandari zimekaribiana, na Wamarekani wengi hufika Miami kwa ndege ya saa chache au hata kwa magari yao.

Kwa mujibu wa chama cha kampuni za meli za kitalii duniani, CLIA, watu milioni 31.7 walisafiri kwa meli hizo mwaka 2023, wakati mwaka 2019, kabla ya Uviko-19, walikuwa milioni 29.7. Hakuna eneo linalopokea wengi kuliko Caribbean.

Abiria huyo halipi nauli tu. Katika hesabu za Carnival za mwaka 2023, mapato yalifikia dola bilioni 21.6 za Marekani, na karibu theluthi moja yake ilitokana na mambo yaliyo nje ya nauli, kama vile vinywaji, kamari, maduka ya melini na ziara za nchi kavu zinazouzwa na kampuni yenyewe.

Hapo ndipo ilipo siri ya meli kuzidi kuwa kubwa. Kila anayelala melini ni mteja kwa saa 24. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na inaweza kubeba abiria hadi 7,600, mbali na wafanyakazi zaidi ya 2,300. Huo ni mji mzima unaoelea.

Lakini mji huo hauwezi kuingia kila bandari. Unahitaji kina kirefu, gati refu na nafasi ya kugeuza. Ndiyo maana kadiri meli zinavyorefuka, ndivyo orodha ya bandari zake inavyokuwa fupi.

Hatari ya kutegemea zao moja

Mkulima hahitaji kufundishwa hatari iliyomo katika mpango huo. Wakulima wa Unguja na Pemba waliionja katika karafuu. Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Zanzibar kwa ajili ya sigara zake za kretek, kisha ikapanda mikarafuu yake yenyewe. Katika miaka ya 1980 ilipoanza kujitosheleza, bei iliporomoka na uchumi wa visiwa ukayumba. Karafuu haikuwa mbaya. Kilichowaangusha watu ni zao moja na mnunuzi mmoja.

Kampuni inayotegemea bahari moja imesimama mahali hapo hapo. Septemba 2017 vimbunga vya Irma na Maria viliharibu bandari za St. Maarten, St. Thomas, Dominica na Puerto Rico, na meli zikalazimika kupelekwa upande wa magharibi wa Caribbean. Septemba 2019 kimbunga Dorian kikavuruga visiwa vya Abaco na Grand Bahama huko huko Bahamas.

Hali ya hewa si adui pekee. Kwa miaka mingi safari za meli katika bahari ya Baltiki ziliuzwa kwa jina la mji wa St. Petersburg. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, mji huo uliondolewa kwenye ratiba na kampuni zikabaki kuuza safari iliyokosa kivutio chake kikuu. Nchini Haiti, Royal Caribbean ilisimamisha safari za Labadee mwaka 2024 na tena mwaka 2025 kutokana na machafuko, ingawa ufukwe huo umezungushiwa uzio na uko mbali na mji mkuu.

Mfano wa Alaska unafundisha zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli zenye bendera ya nje kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kupita bandari ya nchi nyingine. Kwa hiyo meli zinazotoka Seattle kwenda Alaska hutakiwa kutia nanga Kanada. Kanada ilipofunga bandari zake wakati wa Uviko-19, msimu wa 2020 wa Alaska ulikufa, na ule wa 2021 uliokolewa kwa sehemu tu baada ya Bunge la Marekani kulegeza sheria hiyo kwa muda.

Wenyeji nao wamechoka. Italia ilizuia meli kubwa kupita katikati ya Venice kuanzia Agosti 1, 2021. Dubrovnik, nchini Croatia, ilikubaliana na kampuni kuwa meli zisizidi mbili kwa siku. Juneau, mji mkuu wa Alaska, uliweka kikomo cha meli tano kubwa kwa siku kuanzia mwaka 2024. Julai 2025 Barcelona ilitangaza kupunguza vituo vyake vya abiria wa meli kutoka saba hadi vitano ifikapo mwaka 2030.

Yote haya yanaelekea upande mmoja. Bandari zilizozoeleka zinajaa, zinapandisha ushuru au zinafunga milango. Mwenye hoteli akipatwa na hayo hana pa kukimbilia, maana jengo haling'olewi likahamishwa. Mwenye meli anaweza kung'oa nanga akaenda kwingine, na kampuni isiyoitumia nafasi hiyo ni sawa na mvuvi mwenye mashua nzima anayeng'ang'ania kutega nyavu ufukweni.

Kisiwa cha kampuni

Kampuni zenyewe zitajibu kwamba vituo vipya vinaongezwa kila mara. Ni kweli, lakini inafaa kuangalia ni vituo vya aina gani.

Kampuni ya Norwegian ilianza kupeleka abiria katika kisiwa cha Great Stirrup Cay mwaka 1977. Disney ilifungua Castaway Cay mwaka 1998. Royal Caribbean ilitumia dola milioni 250 kukijenga upya kisiwa cha CocoCay, kilichozinduliwa mwaka 2019, na mwaka huo huo MSC ikafungua Ocean Cay. Julai 2025 Carnival ilifungua Celebration Key, mradi uliogharimu takriban dola milioni 600.

Vituo vyote vitano viko nchi moja, Bahamas. Majina ni tofauti, lakini mchanga ni ule ule na bahari ni ile ile. Kinachobadilika ni mfuko unaoingia fedha. Katika kituo cha namna hiyo abiria huogelea kwenye bwawa la kampuni, hula jikoni mwa kampuni na hulipa kwa kadi ya kampuni.

Kwa haki, Wabahama wanapata ajira huko na serikali yao hukusanya kodi kwa kila kichwa cha abiria. Hata hivyo, mchuuzi wa mjini Nassau hana la kuuza siku ambayo meli imepitiliza kwenda kisiwa cha kampuni.

Hali kama hiyo inaweza kutokea hata ndani ya mji. Mwaka 2011 bandari mpya ya Falmouth ilifunguliwa nchini Jamaika, ikiwa imejengwa kwa ushirikiano wa mamlaka ya bandari ya nchi hiyo na Royal Caribbean ili kupokea meli kubwa kabisa. Maelfu ya abiria walishuka kama ilivyoahidiwa. Baada ya hapo wafanyabiashara wa mjini walilalamika kwamba wengi wao waliishia katika maduka yaliyo ndani ya uzio wa bandari, au walipandishwa kwenye mabasi ya ziara na kupita mjini bila kushuka.

Linganisha na kisiwa kidogo cha Inyeug nchini Vanuatu, katika bahari ya Pasifiki, ambacho kampuni hukiita Mystery Island. Hakuna anayeishi pale. Siku ya meli watu wa kisiwa jirani cha Aneityum huvuka kwa mashua na kufungua soko lao: wanauza vyakula, wanasuka watalii nywele, wanawatembeza. Meli ikiondoka wanarudi nyumbani kwenye mashamba yao. Kisiwa ni chao na soko ni lao.

Kwa hiyo kipimo cha kituo kipya kisiwe jina lake kwenye kipeperushi. Kipimo kiwe ni kwa kiasi gani abiria anakutana na mtu asiyelipwa mshahara na kampuni iliyomleta.

Hoja za kampuni

Si haki kuzipuuza hoja za upande wa pili, maana zina uzito.

Ya kwanza ni gharama. Kutoka Mombasa hadi Mahe, Shelisheli, ni zaidi ya maili 900 za baharini, safari ya siku mbili na zaidi kwa meli inayokwenda fundo 18. Siku mbili za bahari tupu ni mafuta mengi, na abiria aliyelipia siku saba huona theluthi ya likizo yake imekwenda kwa kutazama maji.

Ya pili ni gati. Katika bandari nyingi za Afrika gati linalopokea watalii ndilo linalopokea shehena. Meli ya makontena iliyosubiri nangani kwa siku kadhaa haiwezi kufurahia kuambiwa ipishe meli ya watalii. Mombasa imejitahidi kwa kutengeneza jengo maalumu la kupokea abiria wa meli za kitalii kwa msaada wa TradeMark East Africa, lakini jengo ni jambo moja na nafasi gatini ni jambo lingine.

Ya tatu ni wateja wenyewe. Wapo abiria wengi, hasa wenye watoto, wasiotafuta magofu wala historia. Wanataka jua, mchanga na chakula wanachokijua. Kampuni ikiwapeleka mahali wasipopataka, mwaka ujao watapanda meli ya kampuni nyingine.

Ya nne ni usalama, na hili pwani ya Afrika Mashariki inalifahamu vizuri. Novemba 5, 2005 maharamia wa Kisomali waliishambulia kwa silaha nzito meli ya Seabourn Spirit ikiwa njiani kuja Mombasa. Ilinusurika na kukimbilia Shelisheli. Aprili 2009 meli ya MSC Melody nayo ilishambuliwa kaskazini ya Shelisheli. Baada ya matukio hayo kampuni nyingi zilikimbia, na waliokuwa wakiishi kwa kutegemea meli Mombasa na Zanzibar wakabaki wakiangalia bahari.

Hoja zote hizo zinaeleza kwa nini meli ya abiria 7,600 haitakuja Kilwa. Hazielezi kwa nini meli ya abiria 200 isije. Mkulima wa mahindi anayetaka kujaribu ufuta hang'oi shamba zima. Hutenga ekari moja, akaona mavuno, ndipo akaongeza. Kampuni kubwa zinaweza kufanya hivyo, na baadhi zimekwishaanza. Royal Caribbean ilinunua theluthi mbili ya kampuni ya Silversea mwaka 2018 na kuimaliza mwaka 2020. Silversea ina meli ndogo zinazofika mahali ambapo meli kubwa haziwezi kusogea. Maana yake ni kwamba hata tajiri wa meli kubwa ameona kuna fedha katika bandari ndogo.

Pwani ya Afrika Mashariki

Pwani hii ina karibu kila kitu ambacho safari ya meli ndogo inahitaji. Mombasa hadi Unguja ni kiasi cha maili 130 za baharini, safari ya usiku mmoja. Unguja hadi Kilwa hazizidi 200. Kusini zaidi kuna Ngazija, Maore na Nosy Be ya Madagaska. Msimu nao unakubali: majira ya kaskazi, watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanapokimbia baridi, ndiyo majira bahari inapofaa zaidi kwa safari hizi.

Vivutio havifanani. Ngome ya Yesu mjini Mombasa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, mji wa Lamu mwaka 2001, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981. Kutoka Mombasa mtalii hufika Tsavo kwa gari siku hiyo hiyo. Katika visiwa vya Bahamas asubuhi ya leo hufanana na ya jana. Huku kila bandari ina chakula chake, lahaja yake na historia yake.

Wala si jambo geni. Katika miaka ya 1990 meli ya Royal Star iliweka makao yake Mombasa na kupeleka watalii Zanzibar na visiwa vya Bahari ya Hindi. Upande wa kusini, MSC kwa misimu kadhaa imetumia Durban, Afrika Kusini, kuwa kituo cha kuanzia safari za kwenda Msumbiji, zikiwemo za Pomene. Soko lipo.

Mazingira ya usalama nayo yamebadilika. Vyama vya wenye meli viliiondoa Bahari ya Hindi katika orodha ya maeneo ya hatari kubwa ya uharamia kuanzia Januari 1, 2023. Halafu, kuanzia Novemba 2023, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni za kitalii kuacha njia ya Suez na kuzungusha baadhi ya meli zao kwa kupitia Afrika.

Hapo wenyeji wawe makini. Meli inayopita kwa sababu njia yake imeharibika ni mgeni wa dharura, na njia ikitengenezeka ataondoka bila kuaga. Afadhali meli moja ndogo iliyotia saini kuja kila mwezi kwa misimu mitano kuliko kubwa tatu zilizopotea njia.

Masharti kabla ya ngoma

Ndiyo maana mazungumzo na kampuni yanapaswa kufanyika kabla ya meli kufika, na yahusu mambo matatu: saa, ushuru na chakula.

Kuhusu saa, meli inayofika asubuhi na kuondoka jioni humwachia mtalii muda wa ziara moja aliyokwishailipia melini. Anarudi na basi moja kwa moja hadi gatini. Meli ikilala, mtalii hutoka usiku kula Forodhani, na kesho yake anarudi dukani alikoona zulia jana. Kampuni kama Azamara imejijengea jina kwa kukaa muda mrefu bandarini, hivyo hakuna anayeweza kusema haiwezekani.

Kuhusu ushuru, bandari moja ikiongeza peke yake huadhibiwa. Wapiga kura wa Alaska walipitisha kodi ya dola 50 kwa kila abiria mwaka 2006. Kampuni zikalalamika na kuhamisha baadhi ya meli, na mwaka 2010 kodi ikashushwa hadi dola 34.50. Mexico ilipanga kutoza dola 42, lakini baada ya mvutano ikaanza na dola 5 Julai 2025. Kama nchi kubwa namna hiyo zilirudi nyuma, Zanzibar peke yake au Mombasa peke yake itafanya nini?

Dawa ni kuzungumza kwa sauti moja. Shelisheli, Morisi, Reunion, Madagaska, Komoro na Mayotte zilianzisha umoja wa Visiwa vya Vanilla mwaka 2010 ili kujitangaza pamoja, zikiwemo safari za meli. Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar zina sababu ya kukaa nao meza moja, badala ya kila mmoja kumvizia mwenzake kwa kushusha bei.

Chakula cha melini

Jambo la tatu, chakula, ndilo linalomhusu mkulima zaidi, na ndilo linalosahauliwa zaidi.

Meli ya kitalii hula sana, lakini hainunui kama hoteli. Hupakia chakula kwa makontena katika bandari inakoanzia safari, kikiwa kimeagizwa wiki nyingi kabla. Meli zinazofika Marekani hukaguliwa usafi na wataalamu wa afya wa nchi hiyo, kwa hiyo mkuu wa stoo haokoti nyanya sokoni kwa kupendezwa na rangi yake. Anataka ajue imetoka wapi, imewekwa dawa gani na imelala kwenye baridi kiasi gani.

Mkulima mmoja mwenye robo ekari hawezi kumjibu mtu huyo. Ushirika unaweza. Wakulima wa mboga wa Lushoto wamezoea kulisha Dar es Salaam kwa malori kila wiki. Wakikubaliana aina moja ya mbegu, kipimo kimoja cha kreti na daftari moja la dawa, wanaweza kuzungumza na mawakala wanaouza mahitaji melini. Vivyo hivyo kwa wenye iliki, mdalasini na pilipili manga wa Unguja, ambao mali yao haiozi haraka na ina jina tayari.

Kampuni nayo isijifiche nyuma ya kanuni. Inayotangaza kuwa inawapeleka wateja kuonja dunia haina sababu ya kumlisha abiria nanasi la kutoka bara jingine akiwa ametia nanga Zanzibar. Ianze na vitu vichache: matunda, viungo, kahawa, madafu. Itoe orodha ya viwango vyake miezi sita kabla ya msimu, na ilipe kwa wakati, maana mkulima hana mtaji wa kusubiri siku 90.

Serikali kwa upande wake zinapotoa nafasi ya gati zina haki ya kuuliza: meli hii itanunua nini hapa? Ni jambo la aibu kuhesabu vichwa vya watalii kwenye taarifa ya mwaka bila kuhesabu kilo za nyanya.

Mfanyabiashara mdogo

Kwa mfanyabiashara mdogo, tahadhari ni muhimu kuliko furaha. Ratiba ya meli hubadilika. Upepo ukizidi nahodha hupitiliza, na hakuna anayemlipa fidia muuza vinyago. Kukopa kwa ajili ya meli moja ni kucheza kamari, tena ya nje ya meli.

Aliye makini huuza bidhaa ambayo hata mwenyeji ataichukua meli isipofika. Huulizia ratiba ya msimu kwa wakala wa meli badala ya kusikiliza fununu za vijiweni. Huweka bei wazi, kwa kuwa mtalii mwenye saa mbili hana muda wa kubembelezana. Pia hujiunga na wenzake kupata eneo halali karibu na gati, kabla wenye mitaji mikubwa hawajalijaza. Na huandika, kwani mali bila daftari hupotea bila habari: meli gani ilikuja, abiria walinunua nini, waliuliza nini ambacho hakikuwepo.

Taarifa za namna hiyo zikikusanywa na chama cha wafanyabiashara ni silaha mezani. Kampuni huja na takwimu zake, na mwenyeji asiye na takwimu hukubali kila anachoambiwa.

Kwa ujumla, kampuni za meli za kitalii zina kila sababu ya kutoka katika bahari zilizojaa na kuelekea kwingine, ikiwemo pwani hii, kwa meli za kiasi na kwa mikataba ya muda mrefu. Zisifanye hivyo kwa huruma, maana biashara haiendeshwi kwa huruma. Zifanye kwa sababu vimbunga, vita, sheria na hasira za wenyeji vimekwishazionyesha gharama ya kukaa mahali pamoja.

Na mwenyeji aipokee meli kama mkulima anavyozipokea mvua za vuli. Zikija, apande. Lakini chakula cha mwaka mzima akitegemee kwenye masika.